Waya si fyuzi, fundi wangu

Juzi nilifungua amplifaya ya Sansui ya marehemu baba, nikakuta pa fyuzi pana waya. Waya mwekundu wa taa, umezungushwa mara tatu na kubanwa kwa koleo, nadhifu utadhani ni kazi ya sonara. Pembeni yake kwenye bati pameandikwa 4A. Nilicheka kwanza. Hasira zilikuja baadaye, zikakaa.

Amplifaya yenyewe ni ya miaka ya 70, na harusi ilizoliza hapa Majengo, Mombasa, hazihesabiki. Iliponyamaza nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, simtaji. Akaniambia transista zilikufa, kaweka mpya, nitoe 1,800. Nikatoa. Siku ya tatu koni ya spika ya kushoto ikasukumwa mbele ikaganda hapo hapo, na chumba kikanuka koili inayoungua. Transista kubwa ikishoti, volti 40 na kitu za DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, huingia moja kwa moja kwenye spika, na spika haikuumbiwa DC. Inageuka pasi.

Sasa nisikilizeni. Fyuzi haikatiki kwa ukorofi wake. Ikikatika, umepewa habari bure: kuna kitu kinavuta mkondo kisichostahili. Wewe unamziba mdomo mleta habari, halafu unaniandikia risiti! Na ukishaweka waya, kitakachokatika badala yake ni transfoma, na ya namna ile siku hizi utaitoa wapi?

Nilichofanya nilichukua balbu ya wati 100, nikaiunga mfululizo na waya wa stima unaoingia kwenye amplifaya, yaani stima ipite kwenye balbu kwanza. Ukiwasha, balbu ikimeta mara moja kisha ikafifia, uko salama. Ikiwaka ikang'ang'ania, kuna shoti, na balbu inaubana mkondo, kwa hiyo si rahisi kitu kuungua wakati unatafuta. Ujanja wa kizee, bei ya maandazi. Taabu ni kuipata hiyo balbu. Lazima iwe ile ya zamani yenye uzi ndani. LED haifai kwa kazi hii. Nilizunguka Mwembe Tayari saa nzima, kila duka LED, mpaka mzee mmoja akaitoa chini ya meza akinitazama kama ninayenunua fataki.

Yangu iling'ang'ania. Nikachomoa, nikasubiri kapasita zimwage chaji (zile huuma hata stima ikiwa imetoka), nikashika mita. Transista zile mpya, zote mbili sufuri, yaani zimeshoti. Rezista ya ohm 0.47 iliyo karibu nazo imekatika. Hayo ni maiti tu. Muuaji nilimpata kwa tochi. Trima ya baiasi, kidude kidogo kama punje ya mahindi cha kurekebisha mkondo mdogo unaopita kwenye transista hata muziki usipolia, imeota ukijani ndani. Sisi twaishi na hewa ya chumvi, jamani! Kile kidole cha ndani kikiacha kugusa, katika saketi kama hii baiasi inapanda hadi mwisho, transista zinachemka bila hata muziki kulia, zinakufa. Weka mpya, zitakufa tena. Weka mia.

Haya, nikiri, ingawa shingo upande. Fundi yule ana wateja kumi mlangoni, kila mmoja anataka "leo leo" na kila mmoja ana shilingi mia tatu. Nani atamlipa kukaa saa mbili akitafuta punje ya mahindi? Na transista feki zimejaa, chapa imeandikwa vizuri kuliko ya kiwandani. Lakini hakuna umaskini unaolazimisha waya pa fyuzi. Fyuzi ni bei ya peremende.

Na nyinyi mnaoniambia "itupe ununue ya bluetooth", nawaombea dua.

Nilibadilisha trima, rezista, transista kwa jozi, nikaweka fyuzi ya 4A. Balbu ikameta, ikafifia. Kwenye vituo vya spika mita ikasoma DC ya milivolti 12 tu, nikaona yatosha. Koili ya spika nayo nimeipeleka kusukwa upya. Hiyo ni hasara nyengine.

Jana nikakutana na fundi wangu njiani.

"Ile redio yalia?"

"Yalia."

"Si n'likwambia!"