Mke Mwenza wa Kijapani

Kila nikiwasha gari, kuna mwanamke alikuwa akinisemesha. Sauti laini, ya adabu, Kijapani kitupu. Mke wangu alimvumilia mwezi mzima. Siku moja tukitoka soko la Malindi akafunga mkanda, akasema bila kunitazama: "Mke mwenza anakuita, hebu muitike."

Nikaapa redio itoke. Tena hata bila ya bibi yule ilistahili kutoka. Redio ya Kijapani ya aina ile inashika FM kuanzia 76 hadi 90, basi, na stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Mimi na Toyota Fielder yangu tulibakiwa na kijisehemu kidogo pale chini ya 90, na kilichokuwamo zaidi ni mkoromo.

Nikanunua redio mpya ya skrini. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa umeme wa magari, akaniuliza kwa simu: "Shem, umechukua na soketi ya kuungia? Ile ya Toyota, ya pini 10 na pini 6?" Soketi hiyo upande mmoja unachomeka kwenye soketi ya gari, upande wa pili unaunga na nyaya za redio, na gari halikatwi hata waya mmoja. Ni kitu cha bei ndogo. Nikamjibu kuwa waya ni waya.

Kutoa redio ni kazi ya kitoto. Fremu imeshikwa na vibanio. Unapenyeza kipande cha plastiki, si bisibisi, maana bisibisi itakwaruza dashibodi, unavuta polepole inaachia. Nyuma yake kuna bolti nne za spana namba 10. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Ami yangu aliyekuja kututembelea kutoka Lamu, mtu ambaye barabarani anamjua punda tu, alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mkilifi, anatazama.

Nikashika koleo, nikakata soketi ya gari. Waya wa hasi wa betri sikuufungua, kwani si ni dakika tano tu? Waya mmoja wa buluu wenye mstari wa njano ukagusa chuma cha dashibodi. Cheche! Taa ya ndani ikazima, na saa nayo. Huo ndio waya unaotoka kwenye betri moja kwa moja, una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

"Mwanangu," Ami akasema, "mbona kinanuka?"

Nikabadilisha fyuzi, nikakunjua karatasi ya redio mpya. Njano: umeme wa kudumu. Nyekundu: umeme wa swichi. Nyeusi: bodi, yaani hasi. Nikachungulia nyaya za gari: njano upo, mwekundu upo, mweusi upo. Alhamdulillahi, nikasema, Mjapani hana makuu. Nikaunga rangi kwa rangi, nikafunga tepu, nikazungusha ufunguo. Kimya. Hata mkoromo wa zamani niliukumbuka.

Shemeji alipokuja alicheka mpaka akaegemea gari. Kumbe rangi za redio za madukani ni lugha moja na za Toyota ni lugha nyingine. Kwa Toyota, mweusi na wa njano ni spika ya nyuma kushoto, mwekundu na mweupe ni ya nyuma kulia. Nilikuwa naiomba spika iipe redio umeme! Umeme wenyewe wa kudumu ni ule wa buluu na njano ulionitisha, wa swichi ni wa kijivu, wa bodi ni wa kahawia. Halafu akaushika waya wa kijani, akaacha kucheka. Kwenye redio, kijani ni spika. Kwenye Toyota, kijani unapata umeme ukiwasha taa za usiku. Lau ningejaribu baada ya magharibi, volti 12 zingeingia kwenye matundu ya spika na redio mpya ingekwenda na maji.

Akaanza upya. Kwa testa, kitaa cha kupimia umeme, akahakikisha kila waya badala ya kuamini rangi: unaokiwasha ufunguo ukiwa nje ndio wa kudumu, unaokiwasha ufunguo ukifika ACC tu, kabla ya injini kuwaka, ndio wa swichi. Kisha ndipo akafungua hasi ya betri. Spika akazipima kwa betri ya rimoti ya volti 1.5: ukigusisha, spika inasema "tak", na ngozi yake ikisukumwa nje ujue chanya na hasi umezipatia. Tepu yangu akaibandua yote. Jua la Malindi linayeyusha gundi, nyaya zinachojoka zenyewe. Akachomelea kwa risasi, akavisha mipira ya kubana kwa moto.

Vyuma vya pembeni vilitoka kwenye redio ya zamani, skrubu zikaingia kwenye matundu yenye herufi T. Nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200, redio mpya kama 178, kwa hiyo kila upande ulibaki mwanya wa sentimita moja. Yapo mapande ya plastiki ya kuziba. Mimi nilikuwa na kadibodi ya maziwa.

Jioni nikazungusha ufunguo. Skrini ikawaka, 108 ikashika, spika zote nne zikaimba. Mke wangu akaja, akaketi kwa madaha. Nikawasha injini.

Na yule bibi akasalimu.

Sauti haikutoka kwenye spika hata moja. Ilitoka chini ya usukani. Shemeji akainama, akachomoa kijisanduku kidogo kama pakiti ya sigara: kifaa cha kulipia barabara za Japani, kina spika yake chenyewe, na kila gari likiwashwa kinalalamika kuwa hakijatiwa kadi. Kukichomoa kulichukua nusu dakika.

Ami akakipokea, akakigeuza, akakitia kwenye kikapu chake. "Huyu naenda naye Lamu. Punda hatozwi."