Might, could na zile -ing zake: Kingereza cha skuli Mombasa na hiki cha huku Uingereza

Mimi naona sisi watu wa Mombasa tukija huku, kinachotusumbua kwenye Kingereza si matamshi wala misamiati, hayo mtu huyazoea. Kinachotusumbua ni vile vitenzi vidogo, can, could, may, might, must, should, would, hasa vikishashikana na kielezi, kama just au probably, alafu nyuma kikafuata kihusishi, kama before, without au by, na kitenzi cha -ing. Waingereza humo ndo wanamoweka amri zao, onyo zao, mpaka hasira, na humo ndo sisi hatukufunzwa kitu.

Skuli tulichorewa jedwali ubaoni: can ni uwezo, may ni ruhusa, must ni lazima, should ni wajibu, basi, kesho somo jengine. Mtihani unapita vizuri tu. Lakini huku hakuna mtu anayekuletea might peke yake. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee na sentensi kama hii naisikia kila zamu: "You might just want to think about writing that down before going on your break." Itazame polepole. Might, kama vile una hiari. Just, jambo lenyewe dogo tu. Want to, utadhani ni matakwa yako wewe. Think about writing, yani hata kuandika hujaambiwa, umeambiwa ufikirie kuandika. Alafu mwisho kabisa before going on your break, na hio before ndo yenye meno, manake hapo umeshaambiwa hutoki kabla hujaandika. Kwetu mtu angesema "andika kwanza ndo uende ukapumzike", yakaisha.

Kuna dada mmoja wa Kisauni, alikuwa mgeni, msimamizi wake alimwambia maneno ya namna hio akaona ni ushauri, akaenda kunywa chai akijua ataandika akirudi, alivyorudi akakuta barua ya onyo yamngoja. Na huyo dada Kingereza anakijua, IELTS, ule mtihani wa Kingereza, alifanya akapata alama za kutosha. Sisi Kenya Kingereza ni lugha rasmi pamoja na Kiswahili, kipo kwenye kifungu cha 7 cha katiba ya 2010, lakini kwenye orodha ya Uingereza ya nchi wanazozihesabu kuwa watu wake wengi ni wazungumzaji wa Kingereza, Jamaica imo na Kenya haimo, kwa hivo wengi wetu lazima tutoe pesa tukapimwe. Tunapimwa, tunapasi, alafu might inatuangusha kazini. Inaniuma sana.

Vielezi navyo vina mambo yake. "He may well come" maana yake yaelekea atakuja. "We may as well go" maana yake hakuna la maana zaidi la kufanya, bora twende. As moja hio ndogo imegeuza kila kitu na kwenye jedwali la skuli haimo. Au probably, kwenye sentensi ya kukubali inakaa baada ya kile kitenzi kidogo, "they will probably call you", lakini ikija ya kukataa inaruka mbele, "they probably won't call you". Possibly nayo, "I could possibly do it" pana matumaini, "I can't possibly do it" mlango umefungwa kabisa usirudi kuuliza.

Sehemu nnayotaka walimu wa nyumbani waishike zaidi ni hii ya kihusishi na -ing. Chukua "you can't get the flat by just ringing us". Mtu akisoma can't get the flat moyo unavunjika anaacha, kumbe nyumba haijakataliwa, iliokataliwa ni njia, just ringing. Nyumba waweza kuipata, ila kwa njia nyengine, labda kwa kujaza fomu. Na sisi twasema hivo hivo kila siku, "hupati nyumba kwa kupiga simu tu", hakuna mtoto wa Majengo atakaekosea hapo. Kwa kulipa, bila kulipa, kabla ya kulipa, zote tunazo, kwa nini mwalimu asianzie kwa kile mtoto anachokijua akavuka nacho? Amuonyeshe tu na pale panapotengana: kuweza kwetu ni kitenzi kamili, waweza kusema bila kuweza, lakini can haina -ing, kwa hivo inabidi useme without being able to, na must inakuwa without having to. Na ile to ya looking forward to ni kihusishi, ndo maana ni to seeing you, wala si to see you kama barua nyingi zinazotoka kwetu.

May nayo itazamwe. Kwenye treni za England kuna matangazo kwamba ukisafiri bila tiketi, travelling without a ticket, you may be charged, yani waweza kutozwa faini, na hio may si ya ruhusa kama ile ya "may I go out" ya darasani, ni onyo. Tangu Januari 2023 faini hio ni pauni 100 na nauli juu yake. Makanga wa Mombasa anakugongea sarafu, "nauli mzee", umeelewa.

Watu husema Waingereza wana adabu kutushinda, mimi sikubali. Adabu yetu imekaa pengine. Ukiingia dukani Mji wa Kale ukasema "Assalaam alaykum ami, nipe unga kilo mbili", ile nipe haina ubaya wowote manake salamu na ami zishatangulia. Huku salamu si kitu, utasema good morning vizuri alafu give me ikakuharibia, wanataka could I possibly have. Na kazini naona njia yetu ni ya haki zaidi, anayeamrisha anaonekana ameamrisha. Bosi wa huku anasema might, jambo likiharibika might inageuka must na lawama ni zako.

Ila pahala pamoja nawapa haki yao. Mzee wa miaka 90 asubuhi mwili unamuuma, mtu anamuinamia anamwambia "would you maybe like to try sitting up without holding on to me?" Pale would na maybe ni za kweli, mzee akisema la, ni la, tunamwacha tunarudi baadae. Kwetu tungesema "haya babu, amka", kwa mapenzi kabisa, lakini babu hana pa kukataa. Hio nimeipenda na nimeishika.

Kwa hivo wewe unaejitayarisha kuja, ukipata barua au ukiambiwa kitu, usikimbilie might na could za mwanzo. Tafuta kwanza before, without na by, soma ile -ing inayofuata, alafu ndo urudi mwanzo. Na ukiona can't na without ziko pamoja, "you can't start without signing", jua watakiwa utie sahihi kabla hujaanza.