Nyama za pua zipimwe, zisitupwe

Nilijua zimerudi siku wali ulipoungua nami nimesimama kando ya jiko. Mama aliingia mbio kutoka uani, akafunua sufuria, moshi ukatanda. Mimi sikusikia harufu yoyote. Ilikuwa miezi minane tangu nitolewe nyama za pua, vivimbe laini vinavyoota ndani ya pua, kwa mara ya pili.

Upasuaji wenyewe haukuwa mbaya. Nilipumua, nikalala usiku mzima. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mara zote mbili hakuna aliyeniuliza maswali ambayo yangeonyesha kama zitarudi. Una pumu? Ukimeza aspirini au diklofenaki, kifua kinabana? Na nyama hazikupelekwa maabara. Zilitupwa.

Nyama za pua si ugonjwa wa aina moja. Kwa wagonjwa wengi uvimbe huendeshwa na eosinofili, chembe nyeupe za damu zilezile zinazochochea pumu. Hizi hunywea upesi kwa prednisoloni, dawa ya steroidi inayopunguza uvimbe, na upesi vilevile hurudi. Wengine uvimbe wao ni wa neutrofili, chembe nyeupe nyingine, aina inayoonekana sana Asia ya Mashariki, na steroidi haziwafai kiasi hicho. Kisha kuna wale wasiopatana na aspirini na dawa za jamii yake, mtu mmoja hivi kati ya kumi wenye nyama hizi. Wengi wao wana pumu pia, na hao ndio zinaowarudia zaidi. Kuwatambua kunaanza na swali la bure.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 ulitaja viwango vya kutambua uvimbe wa eosinofili: eosinofili 10 au zaidi katika eneo moja la nyama linaloonekana kwa hadubini ikikuza sana, au 250 katika mikrolita ya damu. Mwaka 2023 kile cha damu kikashushwa hadi 150. Hapo ndipo ninapokataa: tusikinakili kama kilivyo. Huku Kanda ya Ziwa, mwenye kichocho au minyoo anaweza kuvuka 150 na pua yake ikiwa safi kabisa. IgE, kingamwili ya mzio inayopimwa pia kwenye damu, nayo hupandishwa na minyoo. Na aliyemeza prednisoloni wiki iliyopita anaweza kuonekana hana eosinofili, kwa sababu dawa hiyo huzishusha. Basi damu ipimwe kabla ya steroidi, minyoo itafutwe na itibiwe, na uzito mkubwa upewe kile kipande cha nyama.

Najua jibu ninalopewa: vipimo vya nini, na sindano mpya za kutuliza uvimbe huu hatuzimudu? Mojawapo, dupilumab, iliidhinishwa Marekani kwa nyama za pua Juni 2019. Huchomwa kila wiki mbili, na katika jaribio ambalo wagonjwa waliiacha baada ya wiki 24, nafuu ilianza kupotea. Hata kwa dawa hiyo, hesabu ya damu peke yake haikutosha kubashiri nani atapona: wenye eosinofili chache nao walinufaika. Ndiyo maana mgonjwa huanzishiwa, kisha baada ya miezi 6 hutazamwa upya ukubwa wa nyama, kunusa, usingizi.

Lakini kubashiri si kwa ajili ya sindano tu. Mwenye chupa ya maji ya chumvi na dawa ya steroidi ya kupuliza puani anahitaji kujua kama nyama zake ni za kurudi. Akijua, haachi dawa siku pua inapofunguka. Mimi niliacha wiki ya tano. Nilidhani nimepona, na hakuna aliyeniambia vingine.

Mara ya tatu nilikutana na daktari aliyeanza na diklofenaki. Nikakumbuka usiku mmoja wa maumivu ya jino: nilimeza kidonge, nikakesha nimekaa kitandani nikitafuta pumzi, nikalaumu vumbi. Aliandika hilo juu kabisa ya faili. Safari hii nyama zilikwenda maabara, na jibu likaja: eosinofili zimejaa. Zile za mara mbili za kwanza, hakuna atakayejua zilikuwa na nini.