RAM Ninazo

Binamu alinipigia yuko Kariakoo, dukani kabisa, ananinunulia vifaa vya kuunda kompyuta: "Yakhe, na RAM nichukue?"

"RAM ninazo," nikamjibu kwa maringo, yaani vile vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta. "Mbili, giga 8 kila moja, nzima kama zilivyotoka kiwandani. Lete mazabodi na prosesa tu."

Vikaja kwa boti ya asubuhi: mazabodi, ile bodi kuu, yenye soketi (kikalio cha prosesa) ya AM5, na prosesa yenyewe, ubongo wa kompyuta, Ryzen 5 7600 ya AMD. Mimi nilikuwa mtu wa AM4, soketi ya 2016, ambayo pini zake 1331 ziko tumboni mwa prosesa. Kwenye AM5 pini zimehamia ndani ya soketi, 1718, nyembamba kama ndevu za uduvi. Ukiidondoshea prosesa umeshanunua mazabodi nyingine. Nikalinganisha alama ya pembetatu ya pembeni, nikashusha mkono wa chuma, kile kifuniko cheusi kikaruka chenyewe. Feni yangu ya zamani, ya kubana kwa vikulabu, ikakaa bila ubishi. Wapwa wawili walionizunguka wakapiga makofi. Hapo kichwa kikavimba.

Nikaweka RAM. Haikuingia. Nikaigeuza, haikuingia. Nikabonyeza kwa vidole gumba viwili mpaka bodi ikaanza kupinda.

"Mjomba," akasema yule mdogo, "mbona pengo la RAM halilingani na kile kinundu cha tunduni?"

RAM zangu zilikuwa za kizazi cha DDR4, bodi inataka DDR5. Zote zina pini 288 na urefu ni ule ule, ila pengo limesogezwa makusudi, kwa ajili ya watu wa aina yangu. DDR4 hutumia volti 1.2, DDR5 1.1. Ingekuwa soketi ya Intel, LGA1700, ningetafuta bodi ya DDR4, maana zipo. AM5 haijui DDR4, basi.

Nikampigia binamu. Akanyamaza kidogo, kisha nikasikia anawahadithia wenye duka.

Boti ya pili ikaleta DDR5 mbili za giga 16. Nikazipachika tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, nikawasha. Feni inazunguka, skrini nyeusi, kijitaa cha bodi kilichoandikwa DRAM, yaani RAM, kinang'aa. Dakika moja, nikazima. Nikawasha, nikazima. Nikazichomoa, nikazipuliza, nikazirudisha. Mara ya tano nilikuwa nishaanza kumlaumu binamu kwa sauti.

"Weye!" Mama akaita toka jikoni. "Acha kuzozana na bati hilo, kaninunulie boflo."

Nikatoka kwa hasira, mashine nimeiacha inawaka. Nilipita pia barazani kunywa kahawa, ya kujipoza.

Niliporudi skrini imejaa ukurasa wa BIOS, ile programu ya ndani ya bodi: RAM giga 32. Kumbe AM5 ikiwashwa mara ya kwanza huipima na kuizoea RAM kabla ya kuonyesha chochote, na hilo huchukua dakika kadhaa. Kila nilipozima, naye akaanza upya.

Nikamweleza Mama. Akapokea boflo, akalibonyeza kuona kama bado lina moto.

"Si ungesema mapema nikutume?"