DNA ya kipepeo huharibikia chupani, si maabarani

Mradi wa Kipepeo, wa ufugaji wa vipepeo, upo Gede, karibu na Malindi nchini Kenya, tangu mwaka 1993, na Msitu wa Arabuko-Sokoke uko pale pale mlangoni. Mfugaji anayezalisha kutoka kwa majike wachache bila kuingiza damu mpya ya msituni hupunguza uanuwai wa vinasaba, yaani tofauti za kurithi, vya vipepeo wake. Kulipima jambo hilo kunawezekana, ila tunawahifadhi wadudu vibaya mno.

Kwa joto na unyevu wa Malindi, hasa kaskazi inapoelekea mwisho, DNA ya mdudu aliyekufa huanza kukatika siku ile ile. Formalini ndiyo mbaya zaidi: umbo hubaki zuri, lakini DNA hufungamana na protini, na kuzibandua ni shida. Spiriti ya dukani ina maji na rangi. Nunueni ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, iwe mara kumi ya ujazo wa wadudu, na muibadilishe kesho yake, maana maji ya miili yao huizimua. Lebo andikeni kwa penseli muitumbukize ndani; wino wa kalamu huyeyuka, na kipepeo asiyejulikana alikotoka hana faida.

Maabarani mguu mmoja unatosha. Kibano kisafishwe kwa jiki kila mnapohamia mdudu mwingine. Mguu ukauke kabisa kwanza, kwani ethanoli iliyobaki huzuia kimeng'enya kufanya kazi. Kisha uloweke usiku kucha kwenye nyuzi 56, ndani ya mikrolita 180 za myeyusho wa kuvunja seli na 20 za proteinezi K, ndicho kimeng'enya chenyewe, kinachovunja protini. Mwishoni toeni DNA kwa mikrolita 50 tu za kimiminika. Mkiweka 200 mtaizimua ile kidogo iliyopo. Kila mkupuo uwe na kijibomba kimoja kisicho na mdudu. Nacho kikionyesha DNA, kuna uchafu, na kazi yote irudiwe.

Kwa vipepeo wa zamani waliochomwa pini, kile kipande cha herufi 658 cha COI, jeni inayotumika kutambua spishi, mara nyingi hugoma kusomeka (herufi ni viunzi vya DNA: A, C, G na T). Msiseme DNA haipo: jaribuni vipande vya herufi 150 hivi. Lakini hapo pana mtego unaonitia wasiwasi kuliko yote. DNA iliyochakaa hubadilika, herufi C ikasomeka T, na kosa hilo likahesabiwa kuwa uanuwai. Badiliko linaloonekana kwa kipepeo mmoja tu, tena mkongwe, lisiingie kwenye hesabu kabla ya mguu wake wa pili kupimwa.