Dekali haina kosa, angalia rangi iliyo chini yake

Juzi rafiki yangu kanitumia picha za modeli yake ya Spitfire, ile ndege ya kivita ya Uingereza, skeli ya 1/48, kazi ya miezi minne, nikaanza kuziangalia moja moja kwa furaha mpaka nilipofika kwenye bawa nikanyamaza. Rangi safi kabisa, kijani na kijivu vimekutana vizuri, kokpiti imekamilika mpaka mikanda ya kiti, halafu pale juu ya bawa ile miduara ya bluu na nyekundu ya dekali, zile alama nyembamba zinazobandikwa kwa maji, imezungukwa na ukungu wa rangi ya fedha, yaani unaona wazi kuna kiplastiki kimebandikwa. Chini ya picha kaandika "dekali za hili boksi mbovu sana, sinunui tena." Kilichonikera sio yeye, ni waliomjibu. Mmoja eti pole, za huko ndo zilivyo. Mwingine eti pulizia tu vanishi ya mat, yaani isiyong'aa, juu yake itapotea.

Haitapotea jamani! Na dekali zile wala hazikuwa mbovu.

Huo ukungu wa fedha ni hewa. Rangi ya mat inaonekana mat kwa sababu uso wake unakwaruza, una vilima na mabonde madogo ambayo jicho haliyaoni, ndo maana mwanga ukiipiga unatawanyika. Sasa ukilaza dekali pale, ule utando wake wa wazi unakaa juu ya vilima tu, kule mabondeni hewa inabaki imefungiwa, na mwanga ukiikuta hiyo hewa ndo unaona ukungu. Vanishi unayopuliza juu haiwezi kupita kwenye utando ikaenda kuitoa, itakaa hukohuko juu na ukungu utabaki umefunikwa milele. Kwa hiyo mtu anapomwambia mwenzake apulizie mat, anamfungia kosa ndani ya modeli yake na baada ya hapo kulitoa ni kazi kweli.

Dawa yake inaanza kabla hujaikata dekali kwenye karatasi. Pulizia vanishi ya kung'aa kwanza, X-22 ya Tamiya ni nzuri ila yoyote unayoiamini itafaa, matabaka mawili matatu membamba, halafu iache. Iache kweli, siku nzima au mbili, usiiguse kidole kila saa. Ukipitisha taa pembeni ukaona inarudisha mwanga sawasawa bila mabaka, hapo ndo kuna mahali pa kulaza. Najua kuna wanaolaza juu ya mat na wanafanikiwa, wanaweka dekali kwenye vanishi ambayo bado mbichi inajaza yale mabonde, sawa, inafanya kazi, nakubali. Ila angalia walichofanya: wameweka vanishi ya kung'aa palepale chini ya dekali, wamebadilisha muda tu.

Na maji. Watu wanaidumbukiza dekali inaelea dakika tano, inaachana na karatasi yenyewe humo bakulini, na ile gundi yote imeyeyukia kwenye maji. Sekunde ishirini hivi zinatosha, itoe, iweke juu ya tishu, subiri mpaka isukumike kwa ncha ya brashi, halafu itelezeshe kutoka kwenye karatasi moja kwa moja mpaka mahali pake. Chini yake pakaa Micro Set, dawa ya kushikisha dekali, ina ile asidi ya kwenye siki, ukifungua tu kichupa unaisikia harufu, inasaidia dekali ishike. Ikishakaa sawa unafyonza maji kwa tishu kuanzia katikati kwenda pembeni, halafu juu unapitisha Micro Sol au Mr. Mark Softer, dawa za kulainisha utando.

Hapa ndo wengi wanaharibu. Dawa ya kulainisha ikishaingia, dekali inajikunja, inakuwa na mikunjo kama ngozi ya mtu mzee, unaona kabisa imeharibika na mkono unataka kwenda kuinyoosha. USIGUSE. Ondoka chumbani kama huwezi kujizuia. Utando umelainika kiasi kwamba brashi ikigusa tu unachanika, ila ukiuacha unakauka unajivuta chini wenyewe, unaingia kwenye mistari ya maungio na juu ya kila ribiti, mpaka alama inaonekana imepakwa rangi pale. Mara ya kwanza kuona hilo likitokea nilikaa nikaangalia bawa lile mpaka likakauka kabisa, na mpaka leo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote kwenye kuunda modeli.

Kwa nini nalisema hili kwa ukali? Kwa sababu alama ndo zinazoiambia modeli ni ndege ipi na ya lini. Chukua nyota ya kwenye ndege za kivita za Marekani. Mpaka Mei 1942 ilikuwa na kiduara chekundu katikati, kikaondolewa kwa sababu ukiona kwa haraka unaweza kudhani ni lile duara jekundu la Wajapani. Juni 1943 ikaongezewa mbawa mbili nyeupe na mstari mwekundu kuizunguka, na mwaka huohuo haujaisha mwekundu ukabadilishwa kuwa bluu. Ukibandika ile ya mstari mwekundu umeshasema ndege yako ni ya miezi michache ya 1943, utake usitake. Au ile milia myeusi na myeupe waliyopaka Washirika kwenye ndege zao kwa ajili ya jeshi lao kutua Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, kwenye ndege za injini moja kila mlia inchi 18, ambazo kwenye 1/72 ni milimita 6 na kidogo. Ilipakwa kwa haraka siku chache kabla ya tarehe 6, nyingi kwa brashi za mkono, kingo zimepinda. Mtu kapiga picha ndege ile, mtu kaitunza, wewe umeisoma mpaka ukajua mlia uliishia wapi, halafu vyote hivyo uvilaze juu ya hewa?

Milia yenyewe lakini mimi situmii dekali, napaka kwa maski, ule utepe wa kuzuia rangi isivuke. Kwa kitu kikubwa chenye kingo nyoofu rangi inashinda, hamna utando, hamna ukingo. Ila yale maandishi madogo ya mafundi, herufi ya inchi moja kwenye 1/72 ni theluthi ya milimita, hayo utakata maski gani? Hapo dekali haina mpinzani.

Wanaochapa wenyewe nyumbani nawaheshimu sana, mkumbuke tu printa ya kawaida haina wino mweupe, nyeupe yake ni ya karatasi, kwa hiyo alama ya njano kwenye karatasi ya wazi juu ya kijani iliyokolea itapotea kabisa. Na wino wa inkijeti ufunge kwa vanishi ya kupuliza kabla haujaona maji, la sivyo unayeyuka wote.

Nakubali pia zipo dekali mbovu za kweli. Nyekundu imechapwa pembeni ya nyeupe, utando mnene, au zimekaa kwenye boksi miaka mingi zikiguswa na maji zinavunjika vipandevipande. Jaribu kwanza na ile usiyoihitaji kwenye karatasi, ikivunjika zipake zilizobaki Liquid Decal Film, dawa ya kuzipa utando mpya, iache ikauke, halafu kata kila moja karibu na ukingo wake. Za rafiki yangu hazikuwa hivyo. Zilikuwa nyembamba, rangi zimekaa sawa, nimeziona.

Bahati alikuwa hajapulizia ile mat aliyoshauriwa. Jana usiku nikampigia, kachukua sindano, anatoboa utando pale penye ukungu, vitundu vidogo vingi, anatia tone la Micro Sol liingie chini, anasubiri ikauke, anarudia. Raundi tatu. Asubuhi kanitumia picha, bawa la kushoto ukungu umebaki kidogo tu pembeni. La kulia anaanza leo akitoka kazini.