Kisima cha Meru hakisomeki kutoka Ulaya

Huku Uswisi kila msambazaji wa maji analazimika, angalau mara moja kwa mwaka, kuwaeleza wateja ubora wa maji wanayokunywa. Tanzania kiwango kinachoruhusiwa cha floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, kimeshushwa kutoka miligramu 4 kwa lita hadi 1.5, sawa na ushauri wa WHO. Vizuri sana. Lakini anayechota Ngarenanyuki, karibu na Mlima Meru, mara nyingi hana pa kusoma kipimo cha kisima chake.

Mwaka 2022 watafiti wa Eawag, taasisi ya maji ya Uswisi, walitoa ramani ya floraidi ya dunia nzima. Modeli yao ya kompyuta ilijifunza kwa vipimo zaidi ya 400,000, miamba, udongo na hali ya hewa, ikakadiria ni wapi maji yanaweza kuzidi 1.5. Naiheshimu kazi hiyo, ila usichimbe kisima kwa kuitegemea. Majivu na tope la volkano ya Meru vimetandaa kwa vipande, hivyo chemchemi jirani hupishana sana kwa floraidi. Tena maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ndiyo ingeifunga floraidi isiyeyuke.

Tupime wenyewe. Sampuli ikae kwenye chupa ya plastiki, kwa sababu floraidi huweza kuathiriana na kioo. Changanya nusu kwa nusu na TISAB, kimiminika kinachosawazisha hali ya sampuli, kisha pima kwa elektrodi ya floraidi iliyosahihishwa kwa vimiminika vya miligramu 1 na 10 kwa lita. Tofauti ya usomaji kati ya hivyo viwili ikishuka chini sana ya milivolti 55, rudia kusahihisha kabla ya kuandika chochote. Andika namba za GPS, kina, tarehe na msimu. Kilicho chini ya uwezo wa kifaa kisiandikwe sifuri. Andika kikomo chenyewe.

Kwenye kujaribu modeli ndiko wengi hujidanganya. Wakigawa data kiholela, nyingine za kuifundisha modeli na nyingine za kuijaribu, visima jirani huangukia pande zote mbili na modeli huonekana hodari kuliko ilivyo. Ficheni kata nzima, muone kama inaikadiria.

Na magadi ya makande nayo yana floraidi, jambo ambalo modeli ya maji haiwezi kuliona. Wapishi waulizwe.

Bodi ya Maji Bonde la Pangani iweke sharti: kibali cha kisima kiambatane na kipimo cha floraidi, kitangazwe wazi, kirudiwe masika na kiangazi. Hata chujio la mkaa wa mifupa, linaloondoa floraidi, likichoka, maji hayabadiliki ladha wala rangi. Bila kupima tena, familia itaendelea kuyanywa.